UZI: Picha za pamoja za watoto kwenye shughuli za familia, wanaoziharibu ni sisi wakubwa

Shangazi_wa_Ujiji (mleta uzi):

Wakuu habarini za jioni. Sikukuu ndo hizo zinakuja, wa Dar na Mwanza mnaanza kurudi nyumbani, na kila ua hapa Kigoma patakuwa na ile dakika ya "haya watoto wote njooni tupige picha". Alafu tunajua kinachofuata: simu sita zinanyanyuliwa kwa mpigo, huyu anaita huku yule anaita kule, mdogo kuliko wote analia, mmoja kageuka anaangalia kuku, na picha inayoingia kwenye grupu la familia ni ya migongo na vidole puani.

Mimi kwenye ukoo wetu ndo napewa hiyo kazi, Idd, akika, ubatizo wa upande wa mama, harusi, na ninachokiamini kabisa ni kwamba watoto hawana shida yoyote. Ukiona picha ya watoto imeharibika, angalia wakubwa walikuwa wanafanya nini muda ule. Ndo maana nimeona niandike uzi maana hizi picha ni kitu kikubwa sana, watoto wa baba mmoja wamesambaa Kasulu, Urambo, Kahama, Dar, wanakutana mara chache, na wakikutana tena meno yameota na wengine wamekuwa warefu kuliko mama zao. Ile ya leo hairudi.

Naanza na kubwa kuliko zote. SAUTI IWE MOJA. Mtoto wa miaka miwili akimsikia mama yake anaita kutoka kushoto ataangalia kushoto, hawezi kufanya vingine, na wa miaka minne akimsikia baba yake kulia ataangalia kulia. Sasa mama zao wako saba, wamezunguka mkeka mzima, kila mmoja anaita wake, mnategemea wote waangalie kamera kwa uchawi gani? Kabla sijatoa simu nawaomba wakina mama na mashangazi wote waje wasimame nyuma yangu, mgongoni kabisa, na wanaotaka kupiga na simu zao wasubiri, nikimaliza nawaachia nafasi pale pale niliposimama mimi. Anayeita ni mtu mmoja, na huyo anakaa karibu na simu, kichwa chake kiwe juu kidogo ya lenzi, maana watoto wanaangalia uso wa mtu, simu hawana habari nayo.

Na huyo mmoja asiseme "semeni chiizi" wala "cheka wewe!". Mtoto ukimwamrisha acheke anakenua meno kama anaonyesha kwa daktari, au analia kabisa. Mimi natumia mchezo wa nyama ambao wote tumeukulia. Naanza taratibu, nyama ya ng'ombe, wanaitika "nyama!", nyama ya mbuzi, "nyama!", nyama ya kuku, "nyama!", hapo sijapiga hata moja, nasubiri wachangamke, alafu natupia haraka haraka "nyama ya ndoo!" na lazima wawili watatu waitike, wengine wote wanawageukia kidogo, wanacheka, wanarudi kuniangalia mimi waone nitasema nini tena. PALE. Hiyo sekunde moja macho yako kwangu, midomo iko wazi kwa kicheko cha kweli, hapo nabonyeza na siachii, inapiga mfululizo. Mkiwa na watoto wadogo sana wasioujua huo mchezo, weka kijiti au jani kichwani mwako uliangushe kwa kupiga chafya, wanacheka mpaka basi.

Pili ni MUDA. Sisi tuna tabia ya kuacha picha mwisho, baada ya pilau, soda na keki. Saa hizo nguo zina mchuzi, kanzu nyeupe zimekuwa njano za mawese, na wadogo wanasinzia. Piga mapema, wakishatoka msikitini au kanisani, nguo bado zimenyooka, wape kwanza kitu kidogo tumboni, chapati nusu au ndizi, mtoto mwenye njaa hapigiki picha. Lakini siyo mchana kweupe uani, na hapa nawaambia hasa mnaotoka Dar: jua la huku liko nyuma ya la Dar kama dakika 40 hivi kwa sababu tuko mbali magharibi na saa ni zile zile. Utosini linafika kwenye saa saba mchana na kuzama ni karibu saa moja jioni. Kwa hiyo ile saa kumi ambayo Dar mwanga umeshaanza kulainika, huku bado linachoma, macho yanakuwa mapango meusi na watoto wanakunja sura. Ukikosa asubuhi basi subiri kuanzia saa kumi na moja na nusu hivi. Na usizubae, jua likishazama huku giza linakuja haraka, una kama dakika 20 tu za mwanga wa maana.

Kama ni Krismasi ni msimu wa mvua, mawingu yametanda, hapo shukuru Mungu. Mwanga wa mawingu unasambaa sawa kwa kila uso, piga saa yoyote unayotaka.

Tatu, MAHALI. Tunapenda sana kuweka watoto mgongo kwa ziwa, Bangwe au Kibirizi, jioni, milima ya Kongo kule nyuma. Ni pazuri, ila ziwa liko magharibi, jua la jioni linashuka huko huko, sasa ukiwaweka mgongo kwa ziwa simu inalipima lile anga linalowaka na watoto wanatoka vivuli vyeusi. Ukiwageuza waangalie ziwa, jua na mng'ao wa maji vinawapiga usoni wote wanafumba. Waweke jua liwe ubavuni, yani waangalie kaskazini au kusini, maji yaonekane pembeni ya picha. Au subiri lijifiche kabisa. Na tafadhali watoto wasipandishwe kwenye mitumbwi wala mawe ya majini kwa ajili ya picha, wakiwa wengi hakuna anayeweza kuwaangalia wote, hasa huyo mwenye simu.

Nyumbani mimi napenda kivuli cha ukuta wa nyumba, upande ambao jua halipo, nyuma yao kuwe na kitu kimoja tu, ukuta au kitenge kimetundikwa, siyo kamba ya nguo na madumu. Ukuta mweupe kabisa nauepuka, watoto wetu weusi simu inauona ule weupe inapunguza mwanga wa picha nzima, sura zinapotea. Kanzu nyeupe zikiwa nyingi ni hivyo hivyo. Dawa yake gusa sura ya mtoto mmojawapo kwenye kioo, siyo kanzu, siyo ukuta, usoni, alafu kuna kialama cha jua kinatokea, kipandishe kidogo mpaka uone macho. Simu nyingi ukigusa ukashikilia inajifunga hapo hapo haihangaiki tena.

Mpangilio sasa. Mkeka. Tandika mkeka, waambie huu ni wetu asiyekaa hapa hayumo, hutaamini jinsi mtoto anavyoheshimu mpaka wa mkeka. Wadogo wanakaa mbele, wa miaka sita mpaka tisa wanapiga magoti nyuma yao, wakubwa wanasimama, kichanga anapakatwa na dada mtu mzima kidogo anayejua kushika shingo. Msiwapange mstari mmoja mrefu kama gwaride, watoto kumi na mbili kwa mstari mmoja itabidi urudi nyuma mpaka barabarani na kila sura inakuwa punje. Wagusane mabega. Wakubwa wapange kwanza, wadogo wawe wa MWISHO kuingia, kwa sababu wa miaka miwili ukimkalisha kwanza, mpaka umpate yule wa kumi na mbili yeye keshaondoka. Mkorofi usimweke pembeni, mweke katikati apakane na binamu anayempenda.

Na wewe mpiga picha SHUKA. Piga goti, kaa chini, lala kifudifudi ikibidi, lenzi iwe usawa wa macho yao. Ukipiga umesimama unapata vichwa vikubwa miguu mifupi, na watoto wanakuangalia juu kama wanaomba kitu. Hiki peke yake kinabadilisha picha kuliko kununua simu mpya.

Mambo ya simu nayapita haraka. Futa lenzi na ncha ya kanga, imejaa mafuta ya jikoni. Usivute kwa vidole, sogea mwenyewe. Ile ya kupanua sana (0.5) usiitumie, watoto wa pembeni wanavutwa wanakuwa wanene kichwa. Ile ya kufifisha nyuma pia zima, inafuta masikio ya mstari wa nyuma. Ile ya usiku inataka watu watulie sekunde kadhaa, watoto hawawezi, wanatoka wamefifia kama mvuke. Flashi ya simu inafika mita mbili tatu tu, mbele wanakuwa weupe pe na nyuma giza.

La mwisho upande wangu, picha za watoto wa wenzako usizirushe mitandaoni kabla hujawauliza wazazi wao. Grupu la familia sawa, ila status na kwingine uliza kwanza. Na mtoto asiyetaka kupigwa aachwe.

Karibuni mchangie, hasa wenye watoto wa chini ya miaka mitatu.

Kijana_wa_Isevya:

Dada umenena. Huku Tabora kila ua una mwembe na sisi picha zote chini ya mwembe, shida yetu watoto wanatoka na madoa madoa ya jua, mmoja nusu sura inang'aa nusu nyeusi, hata ukifanyaje kwenye simu hayatoki. Hapo mnafanyaje

Shangazi_wa_Ujiji:

Kaka hayo madoa hayatoki kwa simu yoyote, usihangaike. Sogeza mkeka karibu na shina, kivuli kizito kiko pale, pembeni ya mwembe ndo majani machache jua linapenya. Kabla hujaita watoto nyoosha mkono wako pale watakapokaa, ukiona doa kwenye mkono wako basi litakuwa kwenye sura ya mtu. Na ukirudi baada ya nusu saa angalia tena maana doa linahama na jua. Kama mwembe wenu bado mchanga hamia kivuli cha nyumba tu.

Mama_Mapacha_Gungu:

Mi nna wa kwangu ana miaka mitatu, akiona tu simu imenyanyuliwa analia, kila shughuli. Bibi yake anamtishia eti asipotulia ataitiwa daktari wa sindano na ndo inazidi. Pacha mwenzie hana neno kabisa. Kwenye picha zote za ukoo yeye yupo kwapani kwangu uso umefichwa, naumia kwa kweli

Shangazi_wa_Ujiji:

Pole mama. Kwanza mwombe bi mkubwa kwa heshima hilo la sindano liachwe, mtoto anaunganisha simu na maumivu, na siku akiumwa kweli mtahangaika nae hospitali. Alafu mpe simu ashike yeye. Mpe ampige picha pacha mwenzie, akupige wewe, hata ikitoka miguu tupu muonyeshe umsifie. Nina mpwa alikuwa hivyo hivyo, nilimkalisha mapajani tukawa tunapiga kuku, tunapiga ndoo, tunapiga sandali za babu, kila moja anataka aione kwenye kioo anacheka, baadae akaniambia mwenyewe "sasa mimi". Nikamgeuzia. Fanya hivyo siku za kawaida nyumbani, siyo siku ya shughuli watu wamejaa.

Na siku ya shughuli akikataa basi kaa nae kwenye mkeka, wewe mama uwe ndani ya picha umempakata. Mama kuwemo kwenye picha ya watoto hakuharibu chochote, tena mama wengi hawana picha na watoto wao kwa sababu wako jikoni.

Mpigapicha_Relini:

Mi nafanya hii kazi hapa Tabora mjini. Uzi mzuri sana, naongezea kwa wenye kamera kubwa. Watoto wakiwa wametulia spidi ya kupiga usishuke chini ya 1/250 ya sekunde, wakianza kurukaruka nenda 1/500, mwanga ukipungua acha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ipande, picha yenye chenga chenga inafaa kuliko iliyotikisika. Ukiwa na mistari miwili mitatu weka tundu la lenzi f/5.6 au f/8 (namba ikiwa kubwa tundu linakuwa dogo), ukilifungua sana mpaka f/1.8 wa mbele watakuwa safi wa nyuma wamefifia wazazi wao watakufuata.

Alafu kuna hesabu moja nawaambiaga wanafunzi wangu. Watafiti wawili wa Australia, Nic Svenson na Piers Barnes, walipiga hesabu ya kufumba macho, unahitaji picha ngapi ili uwe karibu na uhakika wa kupata moja ambayo hakuna aliyefumba. Walipata tuzo ya Ig Nobel ya hisabati 2006, ile ya utafiti unaochekesha kwanza alafu unakufikirisha. Kwa kundi la chini ya watu 20, mwanga ukiwa mzuri gawanya idadi ya watu kwa 3, mwanga mbaya gawanya kwa 2. Watu 12 ni picha 4 mchana mzuri, 6 kwenye mwanga hafifu. Na hiyo ni kufumba tu, haijahesabu anayegeuka kuangalia mbuzi. Kwa watoto mi nazidisha mara tatu nne bila kuwaza.

Shangazi_wa_Ujiji:

Mkuu asante sana, hii hesabu nimeipenda. Ndo maana nasema bonyeza usiachie. Watu wanapiga moja wanaanza kuiangalia wote wameinama kwenye simu, wakiinua kichwa watoto hawapo. Piga nyingi, utachagua usiku umekaa, na unazofuta zifute usiku huo huo kabla memori haijajaa.

Mzee_wa_Mwanga:

Mbona mnajichosha, sa hivi kuna simu zinachukua sura nzuri ya kila mtu kutoka picha tofauti zinaunganisha inakuwa moja. Mtoto wa kaka yangu kaja nayo kutoka Dar, Pixel, aliyefumba anafumbuliwa

Shangazi_wa_Ujiji:

Shikamoo mzee wangu. Ni kweli ipo, Google walianza nayo kwenye Pixel 8 mwaka 2023. Sikatai, ila hapa wengi simu zetu hazina hiyo, na hata ukiwa nayo bado inahitaji kwenye mfululizo wenu kila mtoto awe ameangalia vizuri angalau mara moja, kwa hiyo tunarudi pale pale kwenye sauti moja na kivuli. Na mimi binafsi, mtoto akiwa ameangalia kuku kwenye picha ya akika ya mdogo wake, napenda abaki ameangalia kuku. Ndo alivyokuwa siku ile. Miaka ishirini ijayo ataulizwa "ulikuwa unaangalia nini" na bibi atakuwa na la kumsimulia.

Mzee_wa_Mwanga:

Marahaba mwanangu. Hapo umenishinda. Sasa niulize la mwisho, sisi wazee picha za kwenye simu hatuzioni, nataka ya wajukuu wote niitundike sebuleni. Nilimtuma kijana kuprinti ikaja imechakaa kama imepigwa kwenye ukungu

Shangazi_wa_Ujiji:

Mzee hiyo bila shaka ilipita WhatsApp kwanza. Ikitumwa kawaida inabanwa ili iwe nyepesi, kwenye kioo cha simu huoni tofauti ila kwenye karatasi inaonekana. Mwambie kijana aitume kama dokyumenti, siyo kama picha, au achague HD wakati wa kutuma, dokyumenti ndo salama zaidi. Ikiwezekana apeleke simu yenyewe studio au flashi diski.

Kwa wajukuu wengi usichukue saizi ndogo ya 4x6, sura zitakuwa kama vichwa vya njiti za kiberiti. Chukua A4. Mwambie wa studio asikate pembeni, karatasi na picha ya simu havilingani umbo na wao wanakataga bila kuuliza, anayekatwa siku zote ni mtoto wa pembeni, ndo maana wakati wa kupiga mimi naacha nafasi kidogo kila upande. Na nyuma ya picha kabla haijaingia kwenye fremu andika kwa penseli majina yao wote kwa mstari, kuanzia kushoto, na tarehe na ilikuwa shughuli gani. Peni ya wino usitumie, inapenya mbele.

Mpigapicha_Relini:

Nathibitisha hilo la kukata, mteja akisema "isikatwe" tunaacha ukingo mweupe, asiposema tunajaza karatasi. Mzee mwambie aseme.

Mama_Mapacha_Gungu:

Dada nimempa simu leo jioni, kapiga sufuria, kapiga paka, kanipiga mimi kichwa hakipo. Kesho tunaendelea.